Makali ya Mjomba Vendel

Msimu ule timu ya magongo ya barafuni ya Brezovec ilianza kuanguka tangu mwezi wa Septemba, na si kwenye msimamo wa ligi peke yake. Wachezaji wenyewe walianguka. Mtu anateleza vizuri na gongo lake mkononi, hajaguswa na yeyote, mara mguu unamponyoka na huyo chini, kifudifudi kwenye barafu kama gunia la viazi. Mara ya kwanza mashabiki walicheka. Mara ya tano hawakucheka.

Vendelín Šimurda, mtunza vifaa wa timu, alikuwa na maelezo yake. Alisema ni barafu. Yule bwana mpya anayeendesha mashine ya kulainisha barafu anamwaga maji bila mpango, alisema, na barafu iliyomwagiwa maji bila mpango ni ugonjwa. Alilisema hilo kama mtu ambaye hakuna wa kumhoji, na kweli hakukuwa na wa kumhoji. Kwa miaka thelathini na moja yeye ndiye aliyenoa viatu vya timu. Makocha kumi na wanne walikuja wakamkuta, wakaondoka wakamwacha, kwenye kile chumba chake chini ya jukwaa chenye harufu ya mafuta ya mashine na soksi mbichi. Wachezaji walimwita Mjomba Vendel. Hata mwenyekiti wa klabu, aliyemzidi umri kwa miaka miwili, alimwita Mjomba.

Kunoa kiatu cha barafu si sawa na kunoa kisu cha jikoni. Bapa la chuma lililo chini ya kiatu lina mfereji mwembamba katikati, na kila upande wa mfereji una makali yake, ya ndani na ya nje. Pande hizo mbili lazima ziwe sawasawa. Mmoja ukiuzidi mwenzake, hata kwa unene wa unywele, mchezaji akiegemea upande uliopungua hana kitu cha kumshika. Vendel alipima kwa sarafu ya zamani. Anailaza juu ya bapa, anafumba jicho moja, anatazama kama imelala sawa au imeinama. Ikiinama, anarudia. Kazi yote iko hapo, na inataka jicho.

Na jicho ndilo lililokuwa limemtupa. Mtoto wa jicho, tena kwa macho yote mawili. Alijua, na hakutaka kujua. Mwezi wa Agosti mkewe, Hermína, alimpeleka kwa daktari nusura amburute. "Mficha maradhi kifo humuumbua," alimwambia njia nzima. Vendel alikaa kwenye foleni karibu na mlango uliokuwa wazi, akamsikiliza mama aliyemtangulia akisoma herufi za ukutani, akazikariri zote. Zamu yake ilipofika alizitiririsha kama mtoto anayesali kabla ya chakula. Daktari akamwambia ana macho ya kijana. Alirudi nyumbani kifua mbele, akajimiminia chai, na nusu yake akaimimina mezani.

Basi ndivyo msimu ulivyoanza.

Mwezi wa Oktoba wakaja Lúčany. Lúčany ni mji wa upande wa pili wa mlima, na watu wa Brezovec wanaweza kumsamehe mtu kwa kuiba kuni, kwa kumlewesha padri, hata kwa kuoa mara mbili, lakini si kwa kufungwa na Lúčany. Na nahodha wa Brezovec, Dalibor Hanzel, beki wa miaka thelathini na mitatu, alizaliwa huko huko Lúčany. Alihamia Brezovec akiwa na miaka kumi na saba, na kwa miaka kumi na sita hakuna aliyemkumbusha jambo hilo.

Mechi ilikuwa bila kwa bila, zimebaki sekunde kumi na tano. Dalibor alikuwa mtu wa mwisho nyuma. Aligeuka na kile kisahani cheusi cha mpira kwenye gongo lake, na mguu wa kulia ukamtoka. Hapakuwa na mtu karibu naye. Mshambuliaji wa Lúčany alikichukua kisahani kama aliyeokota pochi njiani, akaenda kufunga.

Huku kwetu kila mechi inaishia kwenye shukrani. Mmeshinda, mmeshindwa, timu nzima inateleza hadi kwenye uzio wa vioo mbele ya jukwaa la mashabiki sugu, wale wa ngoma na bendera. Wachezaji wanainua magongo, mashabiki wanapiga makofi, wanaimbiana, wanaagana. Hata mechi ya aibu ina shukrani yake, ya haraka haraka. Jioni ile timu ilipofika usoni pa jukwaa, Fero Babiak, muuza nyama na kiongozi wa mashabiki, alishusha fimbo za ngoma akashika kipaza sauti chake cha mkononi.

"Wengine wote, asanteni," alisema. "Hanzel arudi kwao."

Jukwaa zima likapiga miluzi.

Uvumi ukaota miguu. Lúčany wamemlipa. Lúčany wamemjengea nyumba. Si mama yake bado anaishi kule, sasa mnashangaa nini? Kuanzia siku hiyo, kila ilipofika saa ya shukrani, Dalibor alibaki nyuma, kwenye mstari wa katikati ya uwanja, peke yake, gongo limelala juu ya magoti yake. Wenzake walimvuta mara mbili tatu. Kila akisogea miluzi inaanza na shukrani inaharibika, basi akawaambia wamwache. Waandishi walimuuliza ilikuwaje akaanguka. Aliwajibu, "Nilianguka," akaenda kuoga.

Vendel roho ilimuuma sana. Dalibor alikuja kwake kijana mwembamba mwenye begi moja, na yeye ndiye aliyemfundisha kujifunga kamba za viatu vizuri na kupima makali kwa sarafu. "Magoti yamechoka," alimwambia Hermína. "Na ile barafu ya yule bwana." Akaamua kumsaidia nahodha kwa njia aliyoiweza. Viatu vya wengine alivinoa mara moja, vya Dalibor alivinoa mara mbili.

Krismasi iliwakuta mkiani mwa ligi. Walikunywa supu yao ya kabichi chachu kimya kimya, kocha akatoa hotuba ambayo hakuna aliyeikumbuka, watu wakaenda makwao. Walipokusanyika tena mwezi wa Januari, miujiza ikaanza. Hawakuanguka tena. Wakashinda mechi mbili mfululizo, wakapoteza moja, wakashinda tatu.

"Mmeona?" Vendel aliwaambia siku moja wakivaa. "Ni jiwe jipya la kunolea. Nililiagiza mwenyewe. Niliwaambia, nipeni jiwe la maana muone mtakavyoruka kama mbuzi."

"Mjomba, tutakujengea sanamu mbele ya stesheni," alisema Sveto Kubaš, kipa, jitu la mtu lenye masikio makubwa.

"Mnijengee nikiwa hai. Sanamu za wafu zinanyewa na njiwa."

"Za walio hai je?"

"Walio hai wanaweza kufukuza njiwa, mjinga wewe."

Chumba kizima kikacheka. Dalibor peke yake aliinama akaendelea na kamba zake.

Hata hivyo shimo la vuli lilikuwa refu, na walipotoka humo ilikuwa mwisho wa Februari. Walimaliza ligi wa mwisho, kwa pointi moja tu, na wa mwisho kwetu hupambana na bingwa wa daraja la chini. Mechi saba. Anayetangulia kushinda nne anacheza ligi kuu, mwingine anashuka. Brezovec haikuwa imeshuka daraja tangu uwanja ule upate paa. Wachezaji waliacha kunyoa, kama desturi inavyotaka, na ndevu zikawa ndefu, na mfululizo ukafika tatu kwa tatu. Mechi ya saba ikapangwa Jumapili nyumbani, saa kumi na moja jioni.

Jumapili hiyo Vendel alimaliza kunoa saa sita mchana. Jozi ishirini na mbili. Alizitundika zote kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kila moja juu ya jina la mwenyewe, akarudi kwake, akalala saa moja, kisha akatafuta bapa moja la akiba. Sanduku lilikuwa tupu.

Jambo hilo lilikuwa limemkera kwa wiki kadhaa. Chuma hupungua kidogo kila kinaponolewa, na bapa zuri linamaliza msimu mzima. Mwaka huu mabapa yalikuwa yanaisha kama sabuni. Yale aliyomfungia Dalibor mwezi wa Februari, aliyapapasa kwa kidole asubuhi ile akayakuta yameshuka nusu nzima. Ya wiki saba tu! Vendel alikuwa amekwisha kumpata mkosaji, kama kawaida yake. Mwenye kiwanda ameanza kuuza chuma laini. Akaamua kuchukua viatu vya nahodha, kuvipima kwa rula na kuandika barua ya kumvunja mtu miguu.

Alipofungua chumba cha kubadilishia nguo, misumari ilikuwa mitupu. Hakuna hata jozi moja.

Wezi, aliwaza. Hapana. Lúčany! Akanyakua gongo la kwanza lililomjia mkononi, akashika njia ya ukumbi mrefu unaozunguka chini ya jukwaa, akipapasa ukuta. Ndipo akasikia. Macho yalikuwa yamekufa lakini masikio yalikuwa mazima, na sauti ile aliijua kuliko sauti ya mkewe. Mtu alikuwa ananoa.

Ilitoka upande wa wale wasichana wanaocheza dansi kwenye barafu. Vendel hakuwa amekanyaga upande ule kwa miaka mingi. Mwalimu wao, Otília Gregušová, alikuwa adui yake tangu enzi za marehemu kocha wa kwanza. Waligombania saa za uwanja. Yeye alisema wasichana wa Otília wanatoboa barafu kama kuku wanaochakura. Otília alisema nyati wa Vendel wanatema mate ovyo. Yote mawili yalikuwa kweli, na hawakuwa wamesalimiana tangu hapo.

Akausukuma mlango kwa gongo. Kwenye kile kichumba kidogo Otília, mama mwembamba wa miaka sitini na miwili mwenye kitambaa shingoni, alikuwa ameinamia mashine. Dalibor alisimama kulia kwake, Sveto kushoto, kila mmoja amekumbatia viatu.

"Wezi!" alifoka Vendel, gongo juu.

Mashine ikazimwa. Otília akavua miwani ya kazi. "Funga mlango, Šimurda. Unaingiza baridi."

"Viatu vyangu vinafanya nini humu?"

"Vinanyooshwa."

"Mjomba," alisema Dalibor, "kaa kwanza."

"Sikai! Tangu lini?" Akamwelekezea kipa gongo. "Sveto, nakuuliza wewe. Wewe huwezi kudanganya, masikio yanakugeuka nyanya. Tangu lini?"

Sveto alitazama dari. "Tangu baada ya Krismasi."

"Kila mechi?"

"Kila mechi, Mjomba. Na mazoezi ya Alhamisi."

Hesabu ikamjia Vendel taratibu, kama maji yanayopanda ngazi. Kila kiatu kilinolewa mara mbili, kwake na kwa Otília, ndiyo maana chuma kiliisha. Jiwe jipya halikuwa na kazi yoyote. Miujiza ya Januari ilikuwa hii, mama huyu na mashine yake ndogo. Akatoa sarafu mfukoni. Akaomba kiatu ambacho hakijaguswa tangu yeye akinoe, Dalibor akampa chake cha kulia, akailaza sarafu juu ya bapa na kumgeuzia Otília.

"Imelalaje?"

Otília angeweza kudanganya. Alikuwa na moyo wa kutosha kufanya hivyo, lakini aliona anaulizwa na mtu wa kazi.

"Imeinama."

"Sana?"

"Sana, Vendel."

Jina lake la kwanza hakuwa amewahi kulisikia kutoka kinywani mwake. Hilo lilimshtua kuliko jibu lenyewe. Akamgeukia Dalibor.

"Ile ya Oktoba. Ya Lúčany."

"Mimi nilianguka, Mjomba."

"Mguu gani?"

"Achana nayo."

"Mguu gani, nimekuuliza!"

"Wa kulia. Nilikuwa naegemea nje." Dalibor alisugua ndevu zake. "Siku ile sikujua. Nilidhani ni mimi, nimezeeka. Krismasi nilikuwa navisafisha nyumbani, nikalaza sarafu tu, kama ulivyonifundisha. Nikaona."

"Ukanyamaza."

"Ningesema nini? Kwamba Mjomba Vendel haoni? Kesho yake mwenyekiti angekupa saa ya ukutani na mkono wa kwaheri."

"Wanakuita msaliti, mwanangu! Miezi sita! Mama yako hathubutu kuja hapa kukuangalia ukicheza!"

"Mama anaangalia kwenye televisheni. Anasema huko anaona vizuri zaidi."

Hapo Sveto akaweka viatu chini.

"Mjomba, mwaka ule mke wangu alipoondoka, nilikuwa nalala wapi?"

"Hayo yametoka wapi sasa?"

"Jibu tu."

"Chini kwangu. Kwenye mataulo."

"Nimelewa au mzima?"

"Siku nyingine mzima."

"Na kocha ulimwambia nini?"

"Kwamba una homa ya tumbo."

"Homa ya tumbo miezi miwili! Na kila alipoingia ulinipaka unga usoni nionekane mgonjwa. Na huyu nahodha wetu, alipokuwa anatapika kwa woga kabla ya kila mechi, nani alimwaga zile ndoo mtu yeyote asijue? Umetusitiri wote, Mjomba, kila mtu na lake, na hujawahi kumsema mtu hata ukiwa umelewa pombe ya plamu. Sasa aibu yako moja ndiyo itushinde kuificha?"

Vendel alitafuta pa kukaa akapata kile kiti kidogo ambacho wasichana hufungia kamba. Magoti yalimfika kidevuni. Kwanza ilikuja aibu, moto kama homa. Aliwaona wote walioanguka msimu ule, mmoja mmoja, na juu ya kila mmoja aliona mkono wake mwenyewe. Kisha nyuma ya aibu kikaja kitu kingine, kizito zaidi, na hakujua akishike wapi. Watu hawa walimletea viatu kila mechi. Walimwambia asante Mjomba, wakacheka mizaha yake ya jiwe jipya, wakavibeba kwa siri hadi mwisho wa ukumbi, na mmoja wao akaenda kusimama peke yake mbele ya miluzi. Alishukuru mpaka kifua kikamuuma.

"Mungu wangu," alisema. "Na mimi nilikuwa navinoa vya kwako mara mbili."

"Tuliona," alisema Otília. "Ndivyo vilivyonipa kazi zaidi."

Dalibor ndiye aliyeanza kucheka. Sveto akafuata, na hatimaye hata Vendel, machozi yakiingia kwenye masharubu.

"Haya," alisema Otília akivaa miwani yake, "nina jozi kumi na moja na saa mbili. Unaendelea kulia, au unakuja kunisaidia?"

Alienda kumsaidia. Akasimama pembeni yake, akishika kila kiatu na kumpa, na kabla hajampa alisema neno. Huyu ana kifundo kibovu, mpunguzie kidogo kisigino. Huyu anapenda mfereji wa kina, anageuka ghafla. Huyu usimguse ncha ya mbele, atalia kama mtoto. Vya kipa viache butu kidogo, lazima aweze kuteleza upande. Haya yote yalikuwa kichwani mwake, hayakuwa yameandikwa popote, na Otília aliyekuwa akinoa kwa kubahatisha tangu Januari alisikiliza bila kuleta ubishi. Mmoja alikuwa na macho, mwingine kumbukumbu. Saa tisa na nusu walimaliza.

"Otília," alisema Vendel, "asante. Na yale niliyosema juu ya wasichana wako..."

"Yapi? Ni ya miaka thelathini hayo. Anza na ya wiki iliyopita."

Mechi ya saba watu wa Brezovec wataisimulia hadi wajukuu wachoke. Mimi nitasema machache. Walifungwa mapema, wakasawazisha, wakaongoza, wakasawazishiwa, na kwenye kipindi cha tatu kijana mmoja mfupi ambaye hakuwa amefunga tangu Novemba akapiga kisahani kikamgonga mtu mgongoni kikaingia. Tatu kwa mbili. Dakika ya mwisho wageni walimtoa kipa wao wakashambulia watu sita. Dalibor alijitupa mbele ya shuti moja, likampiga kwenye kifundo cha mguu wa kulia, akainuka, akajitupa tena. Hakuteleza hata mara moja. King'ora kilipolia, Sveto alirusha kofia yake ya chuma juu karibu na taa.

Vendel alisimama kwenye mlango wa benchi, Otília pembeni yake, kwa sababu alikuwa amemwomba abaki. Aliona vivuli vyekundu vikirundikana, kisha vikaanza kuelekea kwenye jukwaa kwa ajili ya shukrani. Ngoma zilikuwa zinaunguruma. Watu walikuwa wanabusiana na wasiowajua.

"Nahodha yuko wapi?" aliuliza.

Otília alimtafuta kwa macho. "Katikati. Amepiga magoti kwenye mstari wake."

"Hata leo?"

"Hata leo."

Vendel akafungua mlango akaingia kwenye barafu na mabuti yake ya mpira. Hatua ya pili tu aliteleza, na Otília akamdaka kwapani.

"Utavunjika kiuno, mzee!"

"Basi nishike. Nipeleke kwa Fero."

Walikwenda hivyo, hatua kwa hatua, mama mwembamba na mzee mwenye aproni ya kazi. Walipomwona, jukwaa lilishangilia. "Mjomba Vendel! Mjomba Vendel!" Walidhani anakuja kusherehekea, na walikuwa na haki, kwa miaka thelathini na moja hakuwa amewahi kujitokeza kwenye shukrani hata mara moja. Wachezaji wakampisha. Akanyoosha mkono juu ya uzio, Fero akampa kipaza sauti akicheka.

"Mimi si mtu wa hotuba," alisema Vendel, na sauti yake ikaruka hadi kwenye paa ikamtisha mwenyewe. "Ile mechi ya Oktoba. Dalibor hakujiuza. Aliyemwangusha ni mimi."

Ngoma zikapungua.

"Macho yangu ni mabovu. Nilijua tangu kiangazi, nikaficha, nikamdanganya hadi daktari. Nilimnolea kiatu upande. Wote niliwanolea upande, ndiyo maana walikuwa wanaanguka. Yeye alijua tangu Krismasi. Angeweza kuwaambia siku yoyote, mkaimba tena jina lake. Akanyamaza ili mimi nisifukuzwe. Mmempigia miluzi msimu mzima kwa kosa langu, na yeye amesimama pale akaipokea." Akauinua mkono wa Otília. "Viatu tulivyoshinda navyo leo vimenolewa na mama huyu. Mimi kesho naacha kazi, naenda kutibiwa. Sasa kama kuna miluzi imebaki, nipigieni mimi."

Akamrudishia mtu kipaza sauti, hakuona ni nani, akakaza mabega akisubiri.

Uwanja uliokuwa unatetemeka dakika moja iliyopita ulinyamaza hadi mitambo ya baridi ikasikika ikivuma chini ya barafu. Mbele ya macho ya Vendel kulikuwa na ukungu wa rangi nyekundu na nyeupe, na ukungu huo haukusogea.

"Niambie," alimnong'oneza Otília. "Wanafanya nini?"

"Hakuna kitu. Wamesimama tu."

"Na Fero?"

"Fero amevua ngoma shingoni. Anampa mtu ashike." Otília alimbana mkono. "Anapanda uzio."

"Fero? Na lile tumbo?"

"Na lile tumbo. Wanamsukuma kwa chini. Huyo... ameangukia ndani, matako chini. Anainuka. Anakwenda."

"Anakwenda wapi?"

"Katikati. Kwa Hanzel. Na wengine wanapanda pia, Vendel, wanashuka kama mchele unaomwagika. Bibi yule wa tiketi naye. Walinzi wanawafungulia mlango."

Vendel alisikia viatu vya kawaida vikikwaruza barafu, vingi, vikimpita kushoto na kulia. Mtu alimgusa bega akipita. Mtu mwingine alimgusa kichwani.

"Fero amefika?"

"Amefika. Amepiga magoti mbele yake."

"Dalibor anafanya nini?"

Otília hakujibu.

"Otília. Anafanya nini? Niambie!"

"Subiri kidogo," alisema, akiinua ncha ya kitambaa cha shingoni na kujifuta uso. "Na mimi sasa sioni."

Basi wakasimama wamekamatana mikono, na kutoka katikati ya uwanja likaanza kuitwa jina, kwanza kwa sauti moja nzito ya muuza nyama, kisha kwa uwanja wote. Lilikuwa la Hanzel.